Leso Isiyo na Jina

Kwa miaka saba kila kitabu cha picha kilichosomwa mtaani kwetu Kibokoni kilipita kwanza mezani pangu. Nilikisoma kutoka jalada hadi jalada kabla ya mtu mwingine kukigusa, na nilijiona mlinzi. Katika miaka hiyo yote ni ukurasa mmoja tu uliochorwa ili niusome mimi, na huo ndio nilioamuru ufunikwe. Aliyeuchora ni binti yangu. Aliyeufunika ni yeye pia, kwa kuwa mimi babake nilimwambia afanye hivyo. Naandika kwa utaratibu, jambo baada ya jambo, kwa sababu sina namna nyingine ya kuandika.

Kazi yangu ni kujalidi vitabu. Nashona misahafu iliyochakaa, daftari za madrasa, na vitabu vinene vya mawakili ambavyo mende wamekula gundi yake. Shule niliiacha darasa la saba. Kiingereza nilijifunza mwenyewe, kwa kamusi moja isiyo na herufi tatu za mwisho na kwa vitabu vya picha ambavyo mabaharia walikuwa wakiviacha bandarini. Picha ilinionyesha mtu anaanguka kutoka juu ya paa, na neno lililo kando yake lilinifundisha jinsi Waingereza wanavyosema kuanguka. Nililiandika daftarini, nikaenda kwenye picha nyingine. Nina daftari kumi na nne za maneno. Watu wenye shahada wamewahi kuniuliza nilisoma wapi, nami sikuona aibu kuwaambia.

Kwa hiyo nilipoanza kuazimisha vitabu hivyo, nilikuwa kama mtu anayelipa fadhila. Nilivishona upya, nikavitia majalada magumu, nikavipanga kwenye rafu mbili karibu na mlango. Watu walivisomea hapohapo barazani: makarani waliotoka kazini, makuli wa bandarini, walimu, wanafunzi wenye sare. Sikuruhusu kitabu kutoka nje ya baraza.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini vitabu vilivyokuja vilianza kubadilika. Nilikuwa nikivinunua kwa uzani kwa Bohora mmoja mwenye duka la karatasi, naye mwenyewe alitikisa kichwa alipovitia mizanini. Karatasi ilikuwa nzuri kuliko zamani, inang'aa. Kilichoharibika ni kazi iliyo juu yake. Nilianzisha daftari la makosa, na bado ninalo.

Kosa la kwanza nililoliandika ni miguu. Wachoraji wapya hawakuweza kuchora mguu wa mtu. Shujaa alisimama, lakini kuanzia magotini kwenda chini kulikuwa na moshi, au majani, au vifusi vya ukuta. Nilisoma kitabu kizima nisione hata unyayo mmoja. La pili ni mikono: vidole vimekunjwa ngumi daima, maana ngumi ni rahisi kuliko kiganja. La tatu ni miili yenyewe. Misuli ilirundikwa mahali ambapo binadamu hana kitu, na wanawake walipindwa viuno hivi kwamba, kama wangekuwa watu kweli, wasingeweza kuvuta pumzi. Hadithi ilikuwa haipo. Ukurasa mzima ulikuwa picha moja ya mtu anayepiga kelele. Ukifungua wa pili, unamkuta mwingine anamjibu kwa kelele. Zamani mwovu aliua mtu mmoja na kitabu kizima kilikuwa ni kutafuta haki ya huyo mmoja. Sasa mwema ndiye aliyekuwa akiua, damu ikitapakaa pembeni mwa ukurasa, na hakuna aliyeuliza waliokufa walikuwa ni nani.

Na wanawake hawakuvaa nguo za kutosha hata kwa kuogelea.

Siku moja baada ya sala ya adhuhuri alikuja ustadh wa madrasa ya jirani. Ni mtu wa maneno machache, na hakukaa.

"Fundi, salaam aleikum."

"Waaleikum salaam, ustadh. Karibu."

"Nimekaribia. Mikono hii ndiyo inayoshona misahafu yetu?"

"Ndiyo hii."

"Basi nataka uniambie baina ya msahafu na hicho kilicho rafuni, wanawa mara ngapi."

 Siku ya pili nilichagua vile vilivyo vibaya zaidi, nikavipakia kwenye mkokoteni na kuvipeleka jaani Kibarani. Wiki haikwisha, mwokotaji mmoja wa huko akaniletea vilevile, amevifuta vumbi na kuvifunga kwa kamba vizuri, aniuzie. Alisema amesikia kwamba mimi ndiye ninayependa vitu kama hivyo.

Nikaamua kuvifunika. Nilichukua burashi na wino mweusi nikapaka juu ya kila mwili usiositirika. Matokeo yake yalikuwa madoa tu, na kila palipokuwa na doa wasomaji walikiinua kitabu juani waone nini kilichomo. Doa lilikuwa likiwaonyesha pa kutazama. Hapo ndipo nilipomwita binti yangu.

Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, ameolewa miaka miwili nyuma, akikaa Majengo kwa mumewe. Mamake, Mungu amrehemu, alikuwa ameshafariki. Tangu alipojua kushika kalamu alikuwa akichora kwenye vipande vya karatasi vinavyobaki ninapokata vitabu, na mkono wake ulikuwa mkono wa kweli. Alijua kuchora mguu. Alijua kuchora kiganja kimefunguka. Mume alimruhusu kuja dukani baada ya kazi za asubuhi, na kurejea kwake alasiri.

Tuligawana kazi hivi. Mimi nilisoma kitabu, na kila picha iliyovunja kanuni yangu, nayo ilikuwa mwili usitiriwe kuanzia bega kwenda chini, niliitia msalaba mdogo kwa penseli. Pembeni niliandika maoni yangu juu ya uchoraji: kivuli hiki hakiko sawa, mkono huu ni mrefu. Yeye alichukua kitabu, akafuata misalaba, na kila mwanamke akamvisha leso, ile ambayo wengine huiita kanga. Hakupaka doa. Alichora kitambaa chenye mikunjo yake, pindo lake na mji wake wa katikati, kikafuata mwili kana kwamba mchoraji wa kwanza ndiye aliyekiweka. Na kwa kuwa leso haikosi jina, yaani msemo wake, kila leso aliiandikia jina lake kwa herufi ndogo kama punje za ufuta. Mwanamke anayeruka baina ya maghorofa na bunduki mbili alikuwa amejifunga leso iliyoandikwa "Nimechelewa kwa jirani." Mwingine aliyekuwa akinyongwa na jitu la chuma yake ilisema "Mwulizeni yeye."

Baraza likajaa kuliko zamani. Watu walikuwa wakija kusoma leso.

"Fundi," akasema karani mmoja wa forodhani, mtu wa mzaha asiyechoka, "huyu bibi karuka ghorofa ishirini na leso haikumwanguka. Mke wangu yuaenda sokoni tu, kila hatua ajifunga upya."

"Huyu amefunga kwa gundi ya fundi," akajibu kuli aliyekaa kando yake.

"Basi fundi aniuzie hiyo gundi."

Binti yangu alikuwa ndani nyuma ya pazia, nami nilimsikia akicheka. Naitaja sauti hiyo kwa sababu ni ya mwisho ya namna ile ninayoikumbuka.

Mkwe wangu nilimchagua mimi. Alikuwa kijana wa ghala huko Kilindini, anasali safu ya mbele, mpole wa maneno, kila tukikutana anaubusu mkono wangu. Na hakuwahi kusoma kitabu cha picha hata kimoja. Aliviona vya kitoto. Nimelifikiria hilo mara nyingi sana, mimi niliyejaza daftari zima kuthibitisha kwamba damu iliyo kwenye karatasi humfundisha mtu kumwaga damu.

Ukurasa ule niliukuta katikati ya vitabu vya wiki, kwenye kasha la vile ninavyopaswa kusoma. Niliujua mkono mara moja. Haikuwa kazi ya kufunika picha ya mwingine. Alikuwa amechora yake mwanzo hadi mwisho, picha sita, wino safi, mistari imepigwa rula. Nilifurahi hata nikasimama kwenda kuutazama kwenye mwanga wa mlango.

Picha ya kwanza, mwanamke kijana anaingia chumbani. Ya pili, anavua buibui. Ya tatu, mbele yake ameketi mwanamke mtu mzima anashona, na uso wake ni uso wa marehemu mke wangu, kabisa, mpaka kovu dogo la kidevuni. Ya nne, yule kijana amempa mgongo na ameshusha leso mpaka kiunoni, mgongo wazi. Ya tano, mkono wa mamake umeinuliwa juu ya mgongo ule, haujaugusa. Ya sita, uso wa mama peke yake, anamtazama msomaji. Hapakuwa na neno hata moja.

Nilikaa, nikachonga penseli. Hili ndilo nililofanya, na naliandika kama lilivyokuwa. Juu ya picha ya nne nilitia msalaba, kwa kuwa bega kwenda chini ni bega kwenda chini, na kanuni ambayo haimgusi binti yako si kanuni. Kisha pembeni nikaandika: "Mgongo umechorwa vizuri sana, mifupa iko mahali pake. Lakini vivuli hivi vyeusi ni makosa. Mwanga unatoka dirishani, upande wa kushoto. Kivuli hakiwezi kukaa hapa, wala hapa, wala hapa." Kila nilipoandika "hapa" nilichora mshale. Mishale mitatu. Chini nikaongeza: "Maneno hayapo. Msomaji hataelewa."

Alasiri hiyo nilimpa mwenyewe mkononi. Nilimwambia ni kazi bora aliyowahi kufanya, na kwamba mamake angefurahi. Aliusoma ule ukingo wa penseli kwa muda mrefu.

"Nifunike, Baba?"

"Funika. Wajua kanuni."

"Na vivuli?"

"Ukishafunika, havitaonekana."

Akachukua kalamu, akakaa mahali pake, akamvisha yule mwanamke. Ilikuwa leso nzuri kuliko zote alizochora, mikunjo ikianguka kutoka begani kama maji. Alipomaliza niliona kosa moja. Pale penye jina, pale kwenye kisanduku kirefu juu ya pindo, palikuwa patupu.

"Mbona leso hii haina jina?"

"Sijapata la kuandika, Baba."

Akavaa buibui lake, akaniaga, akarudi Majengo.

Niliushona ukurasa ule mbele ya kitabu kimoja kikubwa, kwa fahari, ili wasomaji waone kwamba hapa kwetu pia kuna mchoraji. Siku ya tatu yule karani aliufungua, akaugeuza huku na huku.

"Fundi, sikuelewa. Huyu mama mkono kauinua wa nini? Ataka kumpangusa vumbi?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, kidogo, kwa kuwa nilikuwa nimeandika mwenyewe kwamba msomaji hataelewa. Binti yangu alikuwa nyuma ya pazia akishona msahafu. Nilisikia uzi ukipita kwenye karatasi, na uzi haukusimama.

Mwezi haukwisha, akakosa kuja siku nne. Nilidhani ana homa. Siku ya tano asubuhi, kabla sijafungua mlango wa pili, akaja mwanamke mmoja Mgiriama, msalaba mdogo shingoni, aliyekuwa mpishi katika ofisi moja mjini. Alijieleza kwamba ni jirani wa binti yangu, ukuta kwa ukuta.

"Wewe ndiye babake?"

"Ndimi."

"Njoo umchukue, mzee. Mkono umevunjika, na si mara ya kwanza kupigwa. Siye twasikia ukutani."

Nikauliza, "Mbona hakuniambia?"

Akanitazama kama mtu anayepima kama aseme au asiseme. "Nilimwuliza hayo hayo. Yeye asema alikwambia. Asema ulimjibu kwa penseli."

Nilifunga duka, tukaenda naye. Mkwe wangu alikuwa mlangoni, hajaenda kazini. Akasema, "Aliteleza, Baba. Sakafu ilikuwa na maji." Akanyoosha mkono kuubusu wangu, na mimi, kwa mazoea, nikampa. Ni jambo dogo na nilikuwa nimefadhaika, lakini binti yangu alikuwa amesimama nyuma yake akituona. Mkono wake wa kulia aliufunga kwa kitambaa cha kilemba, umevimba kwenye kifundo. Nikamwambia avae buibui tuondoke, na mume hakutuzuia. Alisema tu kwamba nitamrudisha.

Hospitalini walimtia plasta. Kutoka hapo nikampeleka nyumbani kwangu. Nilikuja kujua baadaye, kwa kinywa cha yule jirani, kwamba mara ya kwanza alikwenda kwa shangazi yake, dadangu, kama inavyostahili mambo ya ndoa yapitie kwa shangazi, na shangazi akamwambia astahimili na asimsumbue baba. Angefanya nini? Mambo ya chumbani hayasemwi kwa baba. Mgongo hauonyeshwi kwa baba. Lakini alijua kwamba babake kila siku anakaa na penseli, anatazama kila picha, haipiti hata moja. Akauweka mgongo wake pale ambapo nilikuwa lazima niutazame. Na akamweka mamake mbele yangu, anionyeshe uso ninaopaswa kuufanya.

Wazee wa pande mbili walikutana nyumbani kwangu baada ya sala ya Ijumaa. Upande wao aliongea ami wa kijana, mzee wa heshima zake. Hakuwa mkali.

"Mkono ni ajali, kijana mwenyewe kasema. Mnatwambia kuna ya nyuma. Kama yalikuwapo, mbona mtoto hakusema?"

"Alisema," nikajibu.

"Kamwambia nani?"

"Mimi."

"Na wewe ukafanya nini?"

Nilikuwa nimeukata ukurasa kutoka kitabuni, uko mfukoni ndani ya bahasha. Nikautoa nikampa. Hata sijui nilitarajia nini. Alivaa miwani, akausogeza mbali, akausogeza karibu, na wenzake wakainama kuutazama. Akaurudisha juu ya mkeka taratibu, kama anayenionea huruma.

"Ndugu yangu," akasema, "hapa naona mwanamke na leso."

Mmoja wao akasoma maandishi yangu ya pembeni kwa sauti, yote, mpaka "wala hapa, wala hapa." Akauliza vivuli gani. Hapakuwa na kivuli hata kimoja cha kuonyesha. Wakakubaliana kwamba mkono ukipona arudi kwake, na kijana aahidi mbele yao. Nilikataa. Wakasema basi talaka haitolewi kwa maneno ya mtu anayejipinga mwenyewe kwa maandishi yake. Mpaka leo haijatolewa. Yuko nyumbani kwangu, si mke wala si mtalaka, na umri unapita.

Rafu mbili niliziondoa mwezi uleule. Ustadh alipita, akaona, akanipongeza. Sikumweleza.

Kisha nikajaribu kuurejesha ukurasa. Hii ni kazi ninayoijua. Nimetoa madoa ya mafuta kwenye misahafu ya miaka mingi. Nilijaribu ndimu, na wino ule haukuikubali. Nilijaribu wembe, kwa kulaza ukali wake na kukwangua uzi kwa uzi kuanzia begani, kila siku kiasi cha ukucha. Wino wa juu ulitoka, na wa chini ukatoka nao, kwa kuwa alichora leso na alama za mgongoni kwa chupa moja. Mkunjo mmoja ulipoondoka, palibaki peupe. Mgongo safi, hauna jeraha. Nilipoona hivyo niliuweka wembe chini. Nilikuwa naelekea kumtengenezea ami wa kijana ushahidi wake.

Kifundo cha mkono wa binti yangu kiliunga vibaya. Kushona anaweza, polepole, na hushona pamoja nami kila siku nyuma ya pazia. Kalamu haishiki. Daktari alisema mazoezi yangesaidia. Nimemnunulia nibu mpya, wino, karatasi ya kuchorea, nikaviweka mezani pake. Huvisogeza kando ili apate nafasi ya kushona, na jioni huvirudisha palepale, vimepangwa.

Mara moja tu nilimwambia. Ilikuwa asubuhi, tunakata karatasi, mvua inapiga mabati. Nilimwambia nimeutunza ukurasa, na nikamwomba, kama ataweza siku moja, hata kwa mkono wa kushoto, aichore upya ile picha ya nne. Alimaliza kwanza mshono aliokuwa nao, akafunga fundo, akakata uzi kwa meno.

"Siwezi kumvua tena, Baba."

"Basi angalau andika jina kwenye leso."

"Andika wewe," akasema. Hakuwa na hasira. "Wewe ndiye uliyemfunika."

Ukurasa uko mbele yangu ninapoandika. Kisanduku cha jina kina urefu wa kidole changu cha kati, na maneno manne au matano yangetosha. Nimezifungua daftari zangu zote kumi na nne, na nibu nimeichovya mara nyingi. Kila mara wino umekaukia kalamuni.